Tera Term, VirtualBox na waya wa Darajani: programu kongwe za mawasiliano ndani ya Windows 11

Kompyuta ya mapokezi ikifa, mtambo wa simu haufi nayo. Sanduku la PABX lililofungwa ukutani miaka ya 2000 katika hoteli ya Paje au Nungwi bado linaunganisha vyumba bila ya malalamiko, lakini ile kompyuta ya mezani iliyokuwa ikipokea rekodi za simu imekwisha kwa chumvi na kwa umeme wa kupanda na kushuka. Inaletwa laptopu mpya ya Windows 11. Haina tundu la pini tisa la siriali. Programu ya zamani inafunguliwa, inatafuta COM1, jina ambalo Windows huliita tundu hilo, haiioni, inajifunga. Anaitwa fundi, na wa kwanza kulaumiwa ni Windows.

Lawama hiyo nusu yake ni uonevu. Tumezipima hapa programu ambazo fundi wa Unguja au Pemba anaweza kuzipata bila ya kulipa ili kuufufua mtambo wa namna hii: Tera Term, PuTTY, HyperTerminal ya zamani, VirtualBox yenye Windows XP ndani yake, na DOSBox inayoiga kompyuta ya DOS. Zote zinafanya kazi, kila moja kwa kazi yake. Kinachoikwamisha kazi mara nyingi si programu bali ni adapta ya USB iliyonunuliwa kwa haraka, kwa hiyo tathmini inaanzia hapo hata kama msomaji alikuja kutafuta programu.

Waya kwanza

Adapta ya USB kwenda siriali ni kitu kidogo, lakini ndani yake mna chipu, na chipu ndiyo yenye kauli. Kwenye maduka ya Darajani, mjini Unguja, utakutana na koo nne: FTDI ya Scotland, Prolific ya Taiwan, CH340 ya kampuni ya WCH ya China, na CP210x ya Silicon Labs ya Marekani. Ganda la nje halikwambii kitu. Plastiki ya buluu ni ile ile, na karatasi ya pakiti inaweza kuandikwa chochote. Zinazosema kweli ni namba: VID ya kampuni na PID ya kifaa. Chomeka adapta, fungua Device Manager, nenda Ports, bofya kulia jina la adapta, chagua Properties, kisha Details, kisha Hardware Ids. Ukiona VID_0403 na PID_6001 hiyo ni FTDI. VID_067B na PID_2303 ni Prolific. VID_1A86 na PID_7523 ni CH340, na VID_10C4 na PID_EA60 ni CP210x. Usione haya kumwambia muuzaji: "Ami, hebu ichomeke kwenye kompyuta yako tuzione namba zake." Muuzaji aliyezoea mafundi hatokasirika.

Prolific ndiyo yenye mtihani mkubwa. Chipu za kizazi cha PL2303HXA ziliigizwa sana, na kampuni yenyewe ikaamua kuziacha. Draiva mpya, kuanzia zama za Windows 8, huitambua chipu hiyo halafu huikataa: pembetatu ya manjano, Code 10, na pengine maandishi kamili kwamba PL2303HXA imeondolewa tangu 2012, muone aliyekuuzia. Dawa inayojulikana ni kurudi draiva ya 3.3.2.102: bofya Update driver, chagua kutafuta mwenyewe ndani ya kompyuta, kisha kuchagua kwenye orodha, na uchukue toleo hilo la zamani. Inafanya kazi. Lakini Windows Update inaweza kuirudisha ile mpya usiku wakati kila mtu amelala, na asubuhi mapokezi hayana rekodi hata moja. Kwa kompyuta ya nyumbani, sawa. Kwa hoteli inayotoza wageni simu, usiitegemee.

FTDI halisi ni nzuri kuliko zote, tatizo ni kuipata iliyo halisi. Mwaka 2014 draiva ya kampuni hiyo ilizigeuza chipu za bandia namba yao ya PID kuwa 0000, zikawa hazitambulikani tena na kompyuta yoyote. Kelele zilipozidi draiva ile ikaondolewa. Baadaye, 2016, ikaja mbinu nyengine: chipu ya bandia inaachwa ifanye kazi, lakini badala ya data yako yanatoka maneno NON GENUINE DEVICE FOUND! Kwa hiyo ukiyaona maneno hayo katikati ya rekodi za simu, mtambo haujaingiwa na shetani. Umeuziwa bandia.

Kwa bei na usumbufu, chaguo letu kwa kazi ya kawaida ni CH340. Windows 11 huitafutia draiva yenyewe ikiwa kuna intaneti, na kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde ambayo mitambo mingi ya simu hutumia, haina neno. Ina kasoro moja tutakayoifikia punde.

Tahadhari kabla ya kulipa: vipo vibao vidogo vya USB vyenye pini wazi, vinavyouzwa kwa wanafunzi wa elektroniki. Hivyo ni vya TTL, volti 3.3 au 5. RS-232 ya kweli, yaani siriali ya mtambo wako, hupanda na kushuka baina ya volti chanya na hasi, hadi 15 kila upande. Ukiunganisha kibao hicho moja kwa moja kwenye mtambo utakiunguza. Unachotaka wewe ni adapta yenye kichwa cha DB9 chenye pini tisa.

Kipimo cha kipini cha karatasi

Kabla ya kugusa programu yoyote, ipime adapta peke yake. Chukua kipini cha kubania karatasi, kinyooshe, kikunje kiwe herufi U, na ukichomeke kigusane na pini namba 2 na namba 3 za kichwa cha DB9. Ukiziangalia pini za kiume kwa mbele, safu yenye pini tano ikiwa juu, zinahesabiwa 1 hadi 5 kutoka kushoto. Namba 2 inapokea, namba 3 inatuma, na sasa umeziunganisha. Fungua Tera Term, chagua poti ya adapta, hakikisha Local echo (programu kujionesha yenyewe unachoandika) imezimwa, andika "salama". Kila herufi unayobonyeza ikijitokeza kwenye kioo, imetoka kompyuta, imepita kwenye kipini na kurudi. Adapta nzima, draiva nzima, poti nzima. Ng'oa kipini na uandike tena: kioo kinatakiwa kibaki kitupu. Ikiwa herufi bado zinaonekana, unajidanganya kwa Local echo.

Dakika mbili hizi huokoa siku nzima. Adapta ikifaulu na mtambo ukiwa bado kimya, lililobaki ni waya wa kati. Mitambo mingine hutaka waya ulionyooka, mingine hutaka uliopishana, yaani 2 inakwenda 3 na 3 inakwenda 2, huku 5 ikibaki 5. Weka mfukoni kipishanishi kidogo cha null modem, ukichomeke katikati na ujaribu tena. Maandishi yakija lakini yamevurugika, alama za ajabu ajabu, hapo waya hauna kosa: kasi hazilingani. Jaribu 9600, kisha 19200, 4800, 2400. Biti nane, bila ya pariti (biti ya ukaguzi), biti moja ya stopu ndiyo mpangilio wa kawaida. Ukipata nusu ya herufi sawa na nusu takataka, jaribu biti saba na pariti ya even.

Na kwa walio pwani, iangalie pini kwa tochi. Kutu ya kijani kwenye DB9 ni jambo la kawaida katika ofisi isiyo na kiyoyozi hatua mia kutoka maji ya bahari. Dawa ya kusafishia viungo vya umeme na mswaki mkavu vinatosha. Usipake mafuta ya cherehani.

Namba ya COM

Windows huipa adapta namba inayoitaka yenyewe: COM5, COM7, COM12. Programu nyingi za zamani zina orodha ya COM1 hadi COM4 tu, na zilizoandikwa kwa Visual Basic 6 hazivuki 16. Ukizilazimisha hutoa kosa la 8002, namba ya poti si halali. Rudi Device Manager, Properties za adapta, Port Settings, Advanced, na uchague COM2 au COM3. Ikiwa imeandikwa in use na huoni kifaa chochote, ni mabaki ya adapta za zamani zilizowahi kuchomekwa. Kwenye menyu ya View chagua kuonesha vifaa vilivyofichwa, zile zilizofifia uzifute.

Hapa ndipo kasoro ya CH340 inapojitokeza. FTDI halisi ina namba yake ya utambulisho ndani, hivyo hata ukiihamishia tundu jengine la USB hubaki na COM ile ile. CH340 ya kawaida haina. Ukiing'oa ukaichomeka tundu la pili, Windows huiona kifaa kipya na kuipa namba mpya. Msafishaji akifagia nyuma ya meza ya mapokezi na kurudisha waya pasipo pake, rekodi zimekatika. Tia nukta ya rangi ya kucha kwenye tundu na nyengine kwenye plagi. Nyekundu kwa nyekundu. Hata asiyejua kompyuta hatokosea.

Lingine linaloua rekodi ni usingizi. Windows huizima USB isiyotumika ili kuokoa betri, na mtambo wa simu saa tisa za usiku hautumi kitu. Ingia Power Options, mipangilio ya ziada (advanced), USB selective suspend, uizime. Kisha kwenye kila USB Root Hub ndani ya Device Manager, ondoa alama ya kuruhusu kompyuta kukizima kifaa. Laptopu nyengine mpya haziioneshi ile ya kwanza, kwa hiyo hii ya pili usiiruke. Na laptopu yenyewe isilale ikifungwa kifuniko.

Tera Term

Ikiwa kazi ni kuusikiliza mtambo na kuhifadhi unachosema, au kuuandikia amri, Tera Term inashinda bila ya ubishi. Ni ya bure, chimbuko lake ni Japani kwa mkono wa Takashi Teranishi, na sasa inaendelezwa kwa msimbo wazi. Toleo la 5 linatembea kwenye Windows 11 bila ya hila yoyote.

Sababu ya kwanza ya kuipenda ni rekodi. Kwenye File, Log, unaweza kuiamuru iongeze mwisho wa faili badala ya kulifuta, na iweke saa mbele ya kila mstari. Saa hiyo si pambo. Mitambo ya zamani hupoteza wakati betri yake ya ndani ikichoka, na bila ya saa ya kompyuta huwezi kumwambia mgeni wa chumba namba 12 alipiga simu lini. Jina la faili linaweza kubeba tarehe: ukiandika simu-%Y%m%d.txt, kila ukiianzisha upya unapata faili la siku hiyo.

Sababu ya pili, waya ukichomoka na kurudishwa, Tera Term huishika poti tena yenyewe. Programu nyengine hukaa zimeganda mpaka mtu aje.

Ya tatu, inakubali maagizo kwenye mstari. Tengeneza njia ya mkato yenye maneno haya:

ttermpro.exe /C=3 /BAUD=9600 /L=C:\simu\rekodi.txt

Iweke kwenye folda ya Startup. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ikawaka, rekodi zinaanza bila ya mtu kugusa kitu. Ndani ya Setup, Serial port, weka Flow control, yaani udhibiti wa mtiririko wa data, kuwa none kwanza. RTS/CTS uijaribu tu ikiwa mistari mirefu inakatika katikati. Ukishamaliza, bonyeza Save setup, vinginevyo kila ukifungua unaanza upya. Mafundi wengi husahau hapo na kuilaumu programu.

Pia ina XMODEM, YMODEM, ZMODEM na Kermit kwa anayetaka kupakia faili kwenye swichi au ruta ya zamani. Na ina makro zake, faili za .ttl, ambazo zinaweza kungoja neno fulani litokee halafu zijibu. Kwa mtambo unaoomba neno la siri kila baada ya dakika kadhaa, hiyo peke yake inatosha kuifanya uipakue.

Ubaya wake? Sura ni ya zamani, na menyu zimetawanyika: mpangilio wa kioo uko sehemu moja, wa herufi sehemu nyengine, wa mambo ya ziada sehemu ya tatu. Utazoea.

PuTTY ni jina linalojulikana zaidi, na kwa SSH, yaani kuingia kompyuta ya mbali kupitia mtandao, ni nzuri. Kwa siriali ni ya kubahatisha kidogo. Hubeba Flow control ya XON/XOFF tangu mwanzo, na ukiisahau, mtambo unaotuma alama ya XOFF kwa bahati mbaya utaizuia PuTTY isitume unachoandika. Haiweki saa kwenye rekodi. Haina XMODEM. Faida yake ni kuwa faili moja tu linaloingia kwenye flashi bila ya kusakinishwa. Uwe nayo kwa dharura.

HyperTerminal ilikuja na Windows XP na ikaachwa kuanzia Vista. Wapo wanaoichukua hypertrm.exe na hypertrm.dll kutoka kwenye XP na kuzitia kwenye Windows 11, na kweli hufunguka na kusoma poti. Lakini leseni yake ni ya ile XP, mafaili yake ya msaada ya .hlp hayasomwi tena, na hakuna inachofanya ambacho Tera Term haikifanyi vizuri zaidi. Ni mazoea tu.

Programu yenye dirisha lake

Kusikiliza ni rahisi. Kazi ngumu ni programu ya kiwanda iliyotengenezwa kwa ajili ya mtambo mmoja tu, yenye vitufe na majedwali yake, bila ya hiyo huwezi kubadilisha namba ya chumba.

Anza kwa kujua programu ni ya biti ngapi. Za biti 32 hutembea kwenye Windows 11. Za biti 16 hazitembei kabisa, kwa sababu Windows ya biti 64 haina sehemu ya kuziendesha, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Mtego uko katikati: programu yenyewe ni ya biti 32, lakini kisakinishi chake ni cha biti 16. Unabofya Setup, unaambiwa haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, unakata tamaa bure. Isakinishe ndani ya XP, hata ya kuazima, kisha linakili folda zima ulilete.

Ikifika, usiitie ndani ya Program Files. Programu za zamani huandika mipangilio yao pale pale zilipo, na Windows huwa haikubali. Huyahamisha kimya kimya maandishi hayo kwenye folda la VirtualStore la mtumiaji. Matokeo yake, mfanyakazi wa asubuhi anaona namba za vyumba, wa jioni mwenye jina jengine la kuingilia haoni kitu. Iweke C:\mtambo na ruhusu watumiaji wote kuandika humo.

Ikilalamika kwamba MSCOMM32.OCX haipo, ndiyo sehemu inayozungumza na poti. Faili hilo linakwenda SysWOW64, si System32. Majina yamepindana: SysWOW64 ndimo zinamokaa za biti 32. Fungua Command Prompt kama msimamizi, ingia C:\Windows\SysWOW64, andika regsvr32 MSCOMM32.OCX. Ukilisajili kutoka System32 utaambiwa kosa na utazunguka siku mbili.

Kile kichupo cha Compatibility, kuchagua Windows XP Service Pack 3 na Run as administrator, ni cha kujaribu kwa dakika moja. Husaidia mara nyengine kwa programu inayouliza toleo la Windows na kukataa. Hakiwezi kuumba poti isiyokuwepo wala kuifanya biti 16 kuwa 32.

VirtualBox yenye XP ndani

Ikiwa hayo yote yameshindikana, VirtualBox. Ni kompyuta ndani ya kompyuta, ya bure, na kwa kazi hii tunaipa alama za juu kwa sababu ya kitu kimoja ambacho wengi hawakijui.

Watu huichomeka adapta, kisha huipitisha USB yenyewe mpaka ndani ya XP, halafu huanza kutafuta draiva ya XP ya chipu ya leo. Hiyo ni njia ya mzunguko. Ifanye hivi: draiva ibaki kwenye Windows 11, adapta iwe COM3 huko. Kwenye mipangilio ya mashine ya VirtualBox, Serial Ports, washa Port 1, chagua COM1, Port Mode iwe Host Device, na kwenye Path andika COM3. XP ikiwaka inaona COM1 ya kweli, IRQ 4, anuani 0x3F8, kama kompyuta ya 2003. Haijui kama kuna USB duniani. Programu iliyokuwa ikitaka COM1 na si nyengine, inaipata. Hakikisha tu Tera Term imefungwa upande wa nje, maana poti moja haishikwi na wawili.

XP inatosheka na RAM ya megabaiti 512 na diski ya gigabaiti 10. Utahitaji diski yako ya kusakinishia na leseni yake. Mtandao uuzime kabisa kwenye mipangilio ya mashine: Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, na kuiachia intaneti ni kufungua mlango wa mbele usiku. Faili zipitishe kwa folda la kushirikiana.

Kama kompyuta ya zamani bado inapumua, usianze upya. Disk2vhd ya Sysinternals hulichukua diski zima na kuligeuza faili la VHD ambalo VirtualBox hulifungua, pamoja na programu, mipangilio na historia yake. Kwa XP tafuta toleo la zamani la Disk2vhd. Ikiwaka na kioo cha buluu chenye 0x0000007B, diski imeunganishwa kwenye kidhibiti ambacho XP haikijui. Ihamishe kutoka SATA kwenda IDE, aina ya PIIX4. Inaweza pia kudai kuthibitishwa upya leseni kwa kuwa vyuma vimebadilika.

Ukiona mashine inajikokota, angalia pembe ya chini ya dirisha. Ukikuta kikobe cha kijani, si urembo. Maana yake Windows imeishikilia sehemu ya kichakato, kwa Hyper-V (mfumo wake wa mashine pepe) au Memory integrity (kinga yake ya kumbukumbu), na VirtualBox inapita njia ya pembeni. Kwa kobe wa kisiwa cha Changuu mwendo huo ni sifa, kwa programu inayongoja jibu la mtambo ndani ya muda maalumu ni kosa la timeout. Zima Memory integrity ikiwa kompyuta hiyo kazi yake ni hii tu, na hakikisha virtualization imewashwa kwenye BIOS. Kompyuta ya uhasibu iache na ulinzi wake, mtambo utafutie laptopu nyengine.

Redio za upepo na DOS

Hoteli, vyombo vya kuzamia na walinzi bado wanategemea redio za upepo, na huko programu ni kongwe zaidi. Kwa redio ndogo za Baofeng, CHIRP ya bure inatosha na inatembea kwenye Windows 11 bila ya shida; waya wake ndio ule ule mtihani wa Prolific ya bandia. Kosa la redio kutojibu, mara nyingi ni plagi ya pini mbili ambayo haijazama. Ganda la redio huizuia. Isukume mpaka isikike. Kabla ya kuandika chochote, kwanza pakua kilichomo ndani ya redio na ukihifadhi kwenye faili la .img. Na masafa unayoyaandika yawe yale uliyopewa kwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, si ya kubuni.

Redio za Motorola za miaka ya 1990 kama GP300 ni habari nyengine. Programu zake ni za DOS na zinataka kompyuta ya polepole. Programu kadhaa za zama hizo zilizoandikwa kwa Pascal ya Borland hufa papo hapo kwa Runtime error 200, kwa sababu huhesabu kasi ya kichakato zikianza, na kichakato cha leo huifanya hesabu hiyo ishindikane. DOSBox huiondoa kasoro hiyo kwa kupunguza kasi. Kwenye faili lake la mipangilio weka cycles=fixed 3000, na kwa poti:

serial1=directserial realport:COM3

Ctrl na F11 hupunguza kasi, Ctrl na F12 huiongeza. Kusoma redio kutafaulu mara nyingi. Kuandika ndiko kunakotia wasiwasi, kwa sababu USB huzichelewesha baiti. Ukiwa na FTDI, rudi Port Settings, Advanced, na ushushe Latency Timer kutoka 16 hadi 1. Bila ya hivyo usithubutu kuandika kwenye redio unayoihitaji kesho. Na kwa anayeshughulika na redio nyingi za aina hii, ukweli ni kwamba laptopu kuukuu yenye poti yake halisi na DOS ya kweli inashinda ujanja wote wa DOSBox. Ukiikuta inauzwa, ichukue kabla hajaichukua mwengine.

Kwa walio Chake Chake, Wete au Mkoani, nunua adapta mbili za chipu moja siku unapovuka kuja Unguja, kwani moja ikiungua kwa radi ya masika utangoja boti. Ya pili ipime kwa kipini cha karatasi siku hiyo hiyo, ipe namba ya COM ile ile, na uiweke kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha unyevu pamoja na flashi yenye Tera Term, faili la TERATERM.INI ulilokwisha lipanga, na nakala ya VHD.